Umri wa Chombo na Umri wa Mtu

Ndugu msomaji, mimi ni karani wa parokia. Nilisomea ualimu, nikapata cheti cha Daraja la Tatu A, nikafundisha miaka miwili, kisha parokia yetu ikaniita kutunza ofisi yake. Watu hudhani kazi yangu ni kuandika ubatizo, ndoa na mazishi, basi. Kumbe wengi wanaobisha hodi mlangoni pangu hutafuta jambo moja tu, nalo ni umri. Huyu ataka cheti cha ubatizo kimsaidie kupata cheti cha kuzaliwa. Yule ataka kujua kama mwaka wake wa kustaafu umefika. Nami hufungua daftari, nikapitisha kidole juu ya mistari, nikasoma kilichoandikwa.

Mwezi uliopita alikuja baba mmoja, mtu mwema ninayemheshimu. Aliketi, akanisalimu vizuri, akaulizia watoto wangu, kisha akasema: "Karani, mwanangu ana mbio kama swala. Lakini amepita umri wa mashindano ya shule kwa miaka miwili. Niandikie barua, uipunguze kidogo. Miaka miwili tu, itamdhuru nani?"

Nilimkatalia, naye akaondoka amenuna. Tangu siku ile swali lake halijanitoka moyoni. Nimeona afadhali nilijibu hapa gazetini, maana najua hayuko peke yake. Lakini jibu langu, msomaji, litapitia mahali usipopatarajia. Litapitia katika uwanja wa mashindano ya pikipiki kuukuu huko Uingereza.

Parokia yetu ina urafiki na parokia moja ya kijijini, upande wa magharibi wa nchi ile. Wao huja kwetu nasi huenda kwao, mmoja mmoja, kadiri nauli inavyopatikana. Mwaka 2018 zamu ilinifikia mimi. Nilikaa huko miezi mitatu, Juni hadi Agosti. Mwaka ule jua liliwaka kule kuliko ilivyo desturi yao. Majani ya malishoni yalikauka yakawa na rangi ya mkeka, na wenyeji walilalamikia joto huku mimi nimevaa sweta kila asubuhi.

Nilipangiwa kukaa kwa mzee mmoja na mkewe. Mzee alikuwa seremala, amekwisha kustaafu. Siku ya pili alinishika mkono akanipeleka bandani. Nilidhani atanionyesha ng'ombe. Akafunua turubai, nami nikaona pikipiki aina ya BSA Gold Star ya mwaka 1960, yenye silinda moja kubwa, na tangi linalong'aa hata nikauona uso wangu ndani yake.

"Hii bado inashindana," alisema.

"Nani huipanda?" nikauliza.

Alicheka. "Nani mwingine? Mimi."

Msomaji, yafaa nikueleze mchezo wenyewe, kwa kuwa kwetu pikipiki ni chombo cha kubebea abiria na magunia. Wao wana mchezo uitwao motokrosi. Hawakimbii katika lami. Hukimbia shambani, juu ya vilima na mabonde, katika njia iliyozungushiwa kamba, na mvua ikinyesha ndipo matope huwafika magotini. Shindano lililofanyika mwaka 1924 huko Camberley, katika jimbo la Surrey, ndilo hutajwa kuwa chimbuko la mchezo huo. Baadaye ulivuka bahari ukaenea Ulaya. Mwaka 1952 pakawa na ubingwa wa Ulaya, na mwaka 1957 ubingwa wa dunia. Mwenyeji wangu alikuwa kijana wa miaka 18 Mwingereza mmoja, Jeff Smith, alipoutwaa ubingwa huo wa dunia mwaka 1964 kwa pikipiki ya BSA, akautwaa tena mwaka 1965. Picha yake ilikuwa imebandikwa ukutani mwa banda, karibu na misumeno.

Sasa wako watu, Uingereza na Marekani na penginepo, wanaozitunza pikipiki za enzi zile na kuzishindanisha wao kwa wao. Na hapo ndipo linapozuka tatizo, maana si kila kuukuu ni sawa na kuukuu mwenzake.

Pikipiki ya mzee wangu ina shokapu fupi. Gurudumu lake la nyuma hupanda na kushuka kadiri ya sentimita kumi tu. Ukiruka nayo kilima, mgongo wako ndio unaopokea kishindo. Basi mwaka 1973 msweden Håkan Andersson alitwaa ubingwa wa dunia wa pikipiki za cc 250 akiwa juu ya Yamaha iliyoundwa kwa namna mpya, yenye shokapu moja ndefu chini ya kiti badala ya mbili za kando. Baada ya hapo viwanda vyote vilianza kushindana kurefusha shokapu. Hata ilipofika mwaka 1980 hivi, gurudumu la nyuma liliweza kupanda karibu sentimita thelathini. Kisha zikaja injini zinazopozwa kwa maji badala ya upepo, na breki za diski badala ya zile zilizofichwa ndani ya gurudumu. Mtu wa pikipiki ya 1960 akishindanishwa na mtu wa pikipiki ya 1982, ni kama kumshindanisha mpanda punda na mpanda farasi, kisha ukamlaumu wa punda kwa uvivu.

Kwa hiyo wao hugawa vyombo kwa makundi ya umri. Huko Uingereza liko kundi la pikipiki za kabla ya mwaka 1965. Liko jingine la zile zenye shokapu mbili za nyuma. Na liko kundi ambalo halitazami mwaka hata kidogo. Hutazama umbo: injini ipozwe kwa upepo, breki ziwe za mtindo wa kale, na shokapu ya nyuma isiwe na vyuma vya kuunganishia. Marekani kiko chama kikubwa cha mambo haya, AHRMA, ambacho Jeff Smith mwenyewe alipata kuwa mtendaji wake mkuu baada ya kuhamia kule. Mpaka wao mkubwa ni mwaka 1974, yaani kabla shokapu ndefu hazijaenea. Lakini hawaishii kwenye mwaka. Hupima vilevile: gurudumu la mbele lisipande zaidi ya inchi 7, na la nyuma lisizidi inchi 4. Tena pikipiki iliyotengenezwa baada ya mwaka ule, ikiwa haikubadilika kitu kutoka ile ya zamani, yaweza kukubaliwa.

Kwa nini wapime, ikiwa mwaka unajulikana? Nilimwuliza mzee hivyo. Akanijibu: "Kijana wangu, hata pikipiki hudanganya umri. Namba iliyo kwenye fremu husema 1972, lakini vyuma vilivyo ndani ya shokapu vimezaliwa juzi." Nilicheka sana. Sikujua kwamba maneno yake mwenyewe yatamrudia kabla ya mwezi kwisha.

Jumatano moja alinichukua kwenda kwenye mkutano wa klabu yao, katika ukumbi mdogo wa kijiji. Walikuwa watu kama ishirini, na chai katika birika kubwa. Neno la siku ile halikuwa umri wa vyombo. Lilikuwa umri wa watu.

Katibu wao, mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi, alilieleza vizuri. Alisema hapo mwanzo hawakuhitaji kuuliza umri wa mtu. Aliyepanda pikipiki ya mwaka 1962 ndiye aliyeinunua ikiwa mpya, au aliyeitamani akiwa shuleni. Chombo na mtu walizeeka pamoja, na ukikipanga chombo umekwisha kumpanga mtu. Lakini sasa vijana wamezipenda pikipiki hizo na kuzinunua. Leo kijana wa miaka 25 yuaja na BSA ileile, katika kundi lilelile, akasimama mstari mmoja na mtu wa miaka 70. Vyombo ni sawa kabisa. Magoti si sawa. Alisema kule Marekani wamekwisha kuweka makundi ya wapandaji wa miaka 40 na zaidi, 50 na zaidi, 60 na zaidi, hata 70 na zaidi. Wao walikuwa wameishia 60. Je, wafungue kundi la 70?

Fundi mmoja wa makamo alipinga. "Mkizidi kugawa, kila mtu atakuwa na kundi lake na kombe lake. Mtu atashinda dhidi ya nani? Dhidi ya kivuli chake?" Watu wakacheka, lakini hoja yake ilikuwa nzito. Mashindano yasiyo na wa kushindana naye si mashindano.

Mzee mwingine alisimama kwa uchungu. "Mkinitenga na vijana, mnanizika kabla ya siku yangu."

Kwetu tuna msemo kwamba ng'ombe hazeeki maini, nami nilimwelewa. Lakini katibu alimjibu kwa upole kwamba hakuna atakayetengwa. Makundi yote yatakimbia katika uwanja mmoja na wakati mmoja. Wazee watatolewa nyuma ya wengine baada ya nusu dakika, ili wasisongwe katika kona ya kwanza, na alama zao zitahesabiwa peke yake. Kwa hiyo utamwona kijana mbele yako, ukipenda umfukuze, lakini hutapoteza kombe kwa sababu yake.

Walibishana hadi saa nne ya usiku, ndipo wakapatana mambo manne. La kwanza, umri utahesabiwa tarehe 1 Januari ya kila mwaka, ili mtu asibadili kundi katikati ya msimu na kupoteza alama alizokwisha kupata. La pili, kundi halitafunguliwa ila wakiandikishwa watu watatu au zaidi. La tatu, aliyetimiza miaka 70 alete barua ya daktari. La nne, hakuna atakayeombwa cheti. Kila mtu ataandika mwaka wake wa kuzaliwa katika fomu na kutia sahihi.

Hilo la nne lilinishangaza. Pikipiki hupimwa kwa futi, na mtu anaaminiwa kwa mdomo! Nilipouliza, katibu alitabasamu akasema, "Tukianza kuombana vyeti, bora tufunge klabu."

Kwa kuwa walisikia mimi ni karani, waliniomba nisaidie kuzipanga fomu. Nilifurahi, maana mgeni asiye na kazi hujiona mzigo. Jioni moja nilikaa mezani nikazipanga kwa makundi. Wenye miaka 70 na zaidi walikuwa wawili tu. Kundi halikutimia. Wazee wale wawili ingebidi warudi kukimbia na wenye miaka sitini na kitu, kama zamani.

Kisha nikaishika fomu ya mwenyeji wangu. Aliandika amezaliwa mwaka 1950.

Msomaji, wakati ule nilikuwa nimekwisha kufanya kazi nyingine pia. Kasisi wa pale aliniomba nimsaidie kunakili orodha ya daftari lao la zamani la ubatizo, na wiki iliyotangulia nilikuwa nimeliona jina la mwenyeji wangu kwa macho yangu, pamoja na tarehe yake ya kuzaliwa: Aprili 1946. Alikuwa na miaka 72, wala si 68.

Nilikaa na karatasi ile mkononi muda mrefu. Mimi ni mgeni katika nyumba yake. Nakula chakula chake. Mkewe ananifulia shuka. Tena siri ya daftari si yangu kuitangaza. Karani anayeropoka yaliyomo daftarini hafai kupewa ufunguo. Nilijiambia: yanini? Mzee huyu hadanganyi ili ashinde. Anajipunguzia miaka, na kwa kufanya hivyo anajitia katika kundi la wadogo zake, walio wepesi kuliko yeye. Akishindwa, hasara ni yake. Miaka minne tu, itamdhuru nani?

Nilipojisikia nikisema hivyo, nilishtuka. Nililikumbuka neno hilo. Lilisemwa mbele yangu mwaka 2004.

Nalikuwa darasa la saba, nimechelewa kuanza shule, nina miaka 16. Nilikuwa na mbio. Katika michezo ya shule za msingi ya wilaya umri wangu haukuruhusiwa tena. Mwalimu mmoja aliyetusimamia alichukua kalamu akaniandika miaka 13, akasema, "Miaka mitatu tu, itamdhuru nani?" Nami nilinyamaza, maana nilitaka kwenda. Nilikimbia mita 1,500 nikawa wa kwanza kwa mbali. Watu walinishangilia. Wawili wa kwanza ndio waliochukuliwa kwenda mkoani. Wa tatu alikuwa mtoto mwembamba wa shule nyingine, aliyekuwa na miaka 13 ya kweli. Alikaa chini kwenye nyasi akalia bila sauti, amefunika uso kwa fulana yake. Nilipita karibu naye nikiwa nimebebwa mabegani. Jina lake silijui mpaka leo. Huko mkoani nilishindwa, kwa hiyo hata sikupata faida yoyote. Lakini yeye alipoteza nafasi yake, na aliyeichukua ni mimi.

Basi nilizitazama tena fomu za wale wazee wawili, ndipo nikaona kitu ambacho hesabu zangu za kwanza hazikukiona. Walihitaji mtu wa tatu. Mtu huyo alikuwepo, amelala chumba cha pili. Kwa kujiandika 1950 mwenyeji wangu alikuwa amewafungia wenzake mlango bila kujua.

Kesho yake, baada ya chakula cha jioni, nilimfuata bandani.

"Mzee," nilisema, "naomba nikuambie neno, na ukinikasirikia sitashangaa."

"Sema, kijana wangu."

"Fomu yako yasema 1950. Daftari la kanisa lasema 1946."

Aliweka chini kitambaa alichokuwa akifutia tangi. Hakunitazama. "Nani mwingine ajuaye?"

"Mimi na wewe."

"Utawaambia?"

"La. Daftari si langu kulisemea. Nimekuja kwako tu."

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, kama mtu anayesema na ukuta: "Baba yangu alikufa kwa moyo akiwa na miaka 71. Tangu nitimize 70 sijamruhusu daktari aniguse kifua. Akinigusa, ataninyang'anya hii." Akaipiga pikipiki kofi dogo, kama apigavyo mtu shingo ya mnyama wake. "Na tena, namdhulumu nani? Nashindana na walio wadogo kuliko mimi. Najidhulumu mwenyewe."

Nilimweleza habari ya wale wazee wawili na mtu wa tatu. Kisha nikamweleza habari ya mtoto yule wa fulana, ambayo sikuwa nimemweleza mtu yeyote, hata mke wangu. Hakujibu kitu. Alizima taa, akaingia ndani, nami nikabaki gizani sijui kama bado nina pa kulala.

Siku mbili hatukusemezana ila salamu. Siku ya tatu, katika chai ya asubuhi, alimwambia mkewe mbele yangu, "Leo nakwenda kwa katibu kubadili fomu. Halafu nakwenda kwa daktari." Mkewe aliweka kikombe chini polepole. Yeye alijua miaka ya mumewe siku zote. Alichokuwa hakijui ni kwamba klabu haikujua.

Ningependa, msomaji, nikuambie kwamba mambo yaliishia kwa furaha papo hapo. Haikuwa hivyo. Daktari alisikiliza, akampima, akakuta moyo wake unapiga bila mpango. Akampa dawa, akamkataza kushindana msimu ule wote. Mzee alirudi nyumbani akalifunika turubai lake, akakaa mbele ya dirisha. Nami nilijiona mbaya kuliko mwizi. Nilikuwa nimekuja nchi ya watu kujenga urafiki, nikamwondolea mzee wa watu furaha yake ya mwisho. Usiku ule sikupata usingizi.

Lakini fomu yake ilikuwa imekwisha kuandikwa, na sharti lilisema watu watatu walioandikishwa, si watatu waliopanda. Kundi la 70 likafunguliwa. Jumapili ya pili ya Agosti nilisimama kando ya kamba katika vumbi, nikaona pikipiki kuukuu zikipanda kilima kwa kishindo kama mawe yanayoporomoka. Kwanza lilipita kundi la vijana. Baada ya nusu dakika wakapita wazee, na mwisho wao wale wawili. Walikimbia bega kwa bega mizunguko yote, huyu akimpita yule kwenye kona, yule akimrudi kwenye mteremko. Tangu zamani walikuwa wakifika wa mwisho na wa mwisho kasoro mmoja, hakuna aliyewatazama. Siku ile watu wote waliacha chai zao wakaja kwenye kamba. Mwenyeji wangu alikuwa kwenye mstari wa mwisho ameshika bendera. Alipoishusha, mmoja alimshinda mwenzake kwa urefu wa gurudumu. Wote wawili walivua kofia zao ngumu wakakumbatiana, jasho na vumbi vimewajaa ndevuni.

Mzee alinijia huku ameikunja bendera. Alisema tu, "Nimewaona." Nilirudi nyumbani siku kumi baadaye, sijui hata sasa kama siku ile alikuwa amekwisha kunisamehe.

Mwaka uliofuata, 2019, nilipata barua yake, na ndani yake picha. Dawa zilimfaa, na miezi minane baadaye daktari alimruhusu kupanda tena, mradi asizidishe. Katika picha wamesimama wazee watatu kando ya pikipiki tatu. Nyuma ya picha aliandika kwamba katika shindano la kwanza la kundi la 70 alikuwa wa tatu kati ya watatu, na kwamba aliwaona wenzake migongo tangu mwanzo hadi mwisho. Chini yake akaongeza kwamba hajapata kufurahi hivyo tangu 1965.

Basi, ndugu msomaji, hilo ndilo jibu langu kwa baba yule na kwa wengine wenye shauri kama lake. Kundi la umri si upendeleo kwa wadogo wala si dharau kwa wazee. Ni ahadi ambayo mshindani mmoja humpa mwenzake, kwamba mimi nisimamaye kando yako katika mstari huu, miaka yangu ni kama yako, kwa hiyo nikikushinda nimekushinda kweli, na nikishindwa sina la kulalamika. Pikipiki waweza kuipima kwa futi. Mtu hupimwa kwa neno lake, na neno likiwa bovu, kundi zima huoza, hata kama aliyelisema hakupata kombe wala senti.

Nawe usidhani kwamba mwenye kudhurika ni lazima awe mbele ya macho yako. Wale wazee wawili hawakujua kwamba walikuwa wakimngoja mtu. Mtoto yule wa fulana hakujua kwamba aliyembwaga alikuwa na miaka 16. Aliyedhulumiwa kwa umri wa uongo mara nyingi hujilaumu mwenyewe, akadhani miguu yake ndiyo mibovu, akaacha mchezo. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kombe.

Walimu wenzangu wa zamani nawaomba vilevile. Najua mnavyobanwa. Shule inataka ushindi, wazazi wanataka ushindi, na kalamu iko mkononi. Lakini mtoto anayeandikiwa umri wa uongo anafundishwa somo siku ile, naye hulishika kuliko masomo yote ya ubaoni. Mimi nililishika miaka kumi na minne kabla sijaweza kulisema kwa sauti, tena katika banda la mtu wa mbali.

Na wewe baba uliyeondoka umenuna, ukiisoma habari hii, karibu tena ofisini. Mlango uko wazi kila siku ila Jumatatu. Nitakuandikia barua yenye umri wa kweli wa mwanao, nami mwenyewe nitakwenda nawe kwa mwalimu wa michezo tumtafutie kundi la wakubwa wenzake. Huko pengine hatakuwa wa kwanza. Mwache akimbie hivyo hivyo.